Sahihi Kumi na Moja

Kathini alipoingia Diani mara ya kwanza, mwaka wa 1996, alikuja kwa miezi mitatu tu. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi aliyetumwa hotelini kwa atachimenti, yale mafunzo ya kazini ambayo bila hayo chuo hakikupi cheti. Kwao ni Shimba Hills, kwenye mashamba ya makazi ambako wazazi wake walihamia kutoka Machakos wakapanda michungwa, na ndovu wakaila msimu baada ya msimu. Alikuwa amekwisha kukata shauri. Miezi mitatu ikimalizika angetafuta nafasi ya kusomea ualimu, na hoteli asingeikanyaga tena.

Aliyembadilisha nia ni mwanamke mmoja mfupi, mnene, asiyecheka ovyo, aliyeitwa Mama Mwelu. Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa vyumba. Kila asubuhi, kabla ya kumpa mwanafunzi yeyote ufunguo, aliwakalisha katika chumba cha shuka akawafundisha kwa saa nzima. Kutandika, kukunja, kukitazama chumba na kumjua mtu anayelala humo. "Mgeni ametoka, lakini mambo yake yamo," alikuwa akiwaambia. "Miwani yake iko upande gani wa kitanda? Basi maji yake ya kunywa myaweke upande huo huo." Dawa za kusafishia alizipanga mezani moja moja, akaeleza ipi hula marumaru, ipi huchubua ngozi, ipi haichanganywi na nyingine hata tone. Mtu akiuliza swali, Mama Mwelu alisimamisha kazi akamjibu. Hakuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba hana wakati.

Miezi mitatu ilipomalizika Kathini hakutaka kuondoka. Aliomba kazi, akapewa. Aliolewa na Ngui, fundi seremala wa Ukunda, wakajenga nyumba nyuma ya karakana yake, wakalea watoto wawili. Kiswahili chake kikawa cha pwani hata jamaa zake wa Machakos wakamcheka. Alihamia hoteli nyingine, kubwa zaidi, na baada ya miaka kumi na miwili akakabidhiwa kiti kama kile cha Mama Mwelu, awe msimamizi wa vyumba mia na ishirini. Wanafunzi walipoletwa, naye akawakalisha asubuhi kwa saa nzima. Alikuwa mkali, na walimwogopa, lakini wengi walirudi baadaye kuomba kazi, na wengine ni wasimamizi katika hoteli zao hata leo.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa mwaka wa 2020, hoteli zikafungwa. Kathini alikaa nyumbani miezi minane. Hoteli yao ilipofunguliwa tena, wahudumu wa vyumba waliokuwa ishirini na wawili waliitwa tisa. Vyumba havikupungua. Pengo lile likajazwa na wanafunzi.

Mwanzoni Kathini alidhani ni jambo la msimu mmoja. Alijitahidi kuwafundisha kama zamani, lakini meneja alitaka vyumba viwe tayari saa nane, na watu hawakutosha. Saa nzima ya asubuhi ikawa nusu saa. Nusu saa ikawa maneno mawili matatu ya kusimama mlangoni. Hatimaye mwanafunzi alipofika Jumatatu alipewa sare, akaunganishwa na mhudumu mzoefu kwa siku tatu, na siku ya nne akasukuma toroli lake peke yake. Vyumba kumi na vinne kwa siku, sawasawa na mwajiriwa. Kathini alikuwa akijisemea kwamba wataifahamu kazi kwa kuifanya. Alijisemea hivyo kwa miaka mitatu.

Mwezi wa Julai mwaka wa 2023 waliletwa wanafunzi saba kutoka chuo kimoja cha Ukunda. Miongoni mwao alikuwamo Mwanasha, msichana wa miaka ishirini, kwao Msambweni, mtoto wa fundi cherehani. Alikuwa na mtandio safi kila siku na sauti ya taratibu. Asubuhi alipokutana na Kathini kwenye ujia alisimama kabisa, akasema, "Shikamoo, Madam," na hakuendelea na safari yake mpaka aitikiwe. Wenzake walisema "Sasa, Madam," wakapita.

Mwanasha alitaka jikoni. Aliliandika hilo kwenye barua yake ya maombi, na siku ya kwanza akalisema tena kwa adabu.

"Jikoni kumejaa," Kathini alimwambia. "Utaanzia vyumbani. Tutatazama baadaye."

"Ahsante, Madam. Nitangoja."

Hakunung'unika, lakini aliuliza maswali. Kwa nini shuka ya juu inageuzwa? Kwa nini kioo kinafutwa kuanzia juu? Kathini alimpenda kwa maswali yale na papo hapo yakamchosha, maana kila swali lilimkuta na karatasi ya zamu mkononi na simu ya mapokezi ikilia. "Vyumba vinangoja, mwanangu," alimjibu. Wiki ya kwanza alimjibu hivyo mara nyingi.

Kila mwanafunzi alikuwa na logibuku, daftari lililopigwa chapa na chuo, lenye orodha ya mambo ya kufundishwa kila wiki. Mkufunzi akishakufundisha jambo hutia sahihi mbele yake. Ukurasa wa wiki ya pili ulikuwa na mistari kumi na moja. Mstari wa sita ulisema: *Matumizi salama ya dawa za kusafishia*.

Ijumaa ya wiki ile ya pili, wakati wa chakula cha mchana, wanafunzi walimletea Kathini madaftari yao yote saba kwa pamoja. Alikuwa amesimama, sahani ya maharagwe iko juu ya toroli. Aliyafungua moja baada ya jingine, akatia sahihi kumi na moja kwa kila daftari, kuanzia juu mpaka chini, bila kusoma. Mkono ulikuwa umezoea. Alipomrudishia Mwanasha la kwake, msichana aliutazama ule ukurasa, akamtazama Kathini, akafungua kinywa kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha akasema, "Ahsante, Madam," akaenda zake.

Msiba ulitokea Jumanne iliyofuata, mwendo wa saa tano asubuhi. Hoteli ilikuwa imejaa. Mwanasha alikuwa ghorofa ya pili, katika bafu la chumba ambacho wageni walikuwa wamekikalia siku kumi na sita, na sakafu ya bafu ilikuwa imeota ukungu mweusi kwenye pembe. Aliumwagia klorini, akasugua, ukungu haukutoka. Akachukua ile asidi ya kusafishia choo, akaimwaga juu ya klorini. Bafu lile halikuwa na dirisha, na mlango aliurudisha ili maji yasitoke nje.

Dzombo, mhudumu wa miaka mingi aliyekuwa chumba cha pili, alisikia kikohozi kisicho cha kawaida, kisha kishindo. Alipousukuma mlango alipigwa na harufu iliyomtia machozi. Alijifunga taulo puani, akamburura msichana mpaka kwenye baraza, akapiga kelele. Kathini alipanda ngazi mbio. Alimkuta Mwanasha amelala ubavu, midomo imegeuka rangi, macho yametoka, anavuta pumzi kwa sauti ya mtu anayepasua kitambaa. Mtandio ulikuwa umemteleza. Kathini alipiga magoti, akaurudisha kichwani pake, na hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Gari la hoteli lilimpeleka hospitali ya Msambweni, Dzombo amemshika mabega njia nzima.

Alifika akiwa hai. Madaktari walimwekea hewa ya mashine, wakasema mapafu yameungua, na kwamba dakika tano zaidi mle bafuni zingekuwa habari nyingine.

Kesho yake asubuhi Kathini aliitwa ofisini kwa Mathew Wafula, meneja wa wafanyakazi. Wafula hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyepigania wale tisa waitwe tena wakati wamiliki walitaka sita. Juu ya meza yake palikuwa na logibuku la Mwanasha, limefunguliwa ukurasa wa wiki ya pili.

"Madam Kathini, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Mstari wa sita. Matumizi salama ya dawa."

"Ndiyo."

"Basi alifundishwa, akakosea mwenyewe." Wafula alilifunga lile daftari taratibu. "Watu wa Wizara ya Kazi watakuja kuuliza. Chuo kitauliza. Wazazi watauliza. Jibu letu ni hili hapa, kwa mwandiko wako. Sitaki kukuficha: bila daftari hili hoteli iko pabaya, na wewe ndiye wa kwanza. Tunaelewana?"

Kathini alijua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya kusema. Alisema, "Tunaelewana," akatoka, akaenda kugawa funguo.

Alhamisi alikwenda Msambweni kumtazama mgonjwa. Alibeba machungwa na chupa ya uji. Nje ya wodi alimkuta mwanamume mrefu mwenye kofia ya kufumwa kwa mkono na kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Ndiye Abdulaziz, baba yake Mwanasha. Kathini alipojitambulisha, mzee aliinuka kwenye benchi.

"Karibu, Bi Kathini, karibu sana. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kuja kututazama. Jamaa wa nyumbani wanaendeleaje?"

"Hawajambo, Mzee. Poleni sana."

"Tumeshapoa, alhamdulilahi. Leo amekunywa maji." Alimkaribisha kukaa, naye akakaa, akafuta uso kwa leso. "Mama, mimi nina haya mbele yako. Watu wa hoteli walinipigia simu, wakanieleza yote. Wamesema alifundishwa, tena iko kwa maandishi, na sahihi ya mwalimu wake ipo. Nami nimemkanya. Jana, hapo alipolala. Nimemwambia, mwanangu, watu wamekufunza kwa wema, wewe ukapuuza, ukataka kujiua na kuwatia watu wa watu matatani. Tuwieni radhi."

Kathini alitaka kusema. Maneno yalikuwapo, yamefika mpaka kwenye meno. Alisema, "Hapana, Mzee. Usiseme hivyo." Na Abdulaziz akalichukua hilo kuwa ni uungwana.

Ndani ya wodi Mwanasha alikuwa ameegemezwa mito miwili, mpira wa hewa puani. Alipomwona Kathini alijaribu kujiinua.

"Shikamoo, Madam." Sauti ilitoka kavu, nusu yake ni pumzi.

"Marahaba, mwanangu."

Msichana alimtazama tu, macho makavu, bila chuki, akingoja. Kathini aliweka machungwa kwenye kijikabati, akapanga chupa ya uji upande wa mkono wake wa kulia, akasimama kidogo, akaaga. Njiani kurudi Ukunda hakukumbuka kituo hata kimoja walichopita.

Ijumaa akaja hotelini mwalimu wa chuo, Eunice, aliyesimamia wanafunzi wote walioko kwenye mafunzo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, amechoka kwa safari za hoteli moja hadi nyingine. Alikaa na Kathini katika chumba cha shuka, akatoa bahasha.

"Kila mwanafunzi hujaza fomu mwishoni mwa wiki ya pili," alisema. "Kama ameridhika na mafunzo, na kama bado anataka kazi hii. Huwa siwaonyeshi wakufunzi. Hii nadhani uisome."

Ilikuwa fomu ya Mwanasha, tarehe ya Jumapili, siku mbili kabla ya ajali. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umenyooka. Kwenye swali la kuridhika alikuwa ameweka alama katikati. Chini yake aliandika hivi:

*Nimejifunza kufanya kazi kwa haraka. Sijajua kwa nini tunafanya tunavyofanya. Nikiuliza naambiwa vyumba vinangoja, na ni kweli vinangoja. Mara moja nilimwona Madam Kathini akitandika kitanda mwenyewe, akidhani hakuna anayemtazama. Alitandika kama mtu anayempenda atakayelala pale. Nilitamani anifundishe yeye. Kama ningefundishwa vile, nadhani ningebaki katika kazi hii. Sasa hivi sina hakika.*

Kathini aliisoma mara mbili. Eunice hakumtazama usoni. Alikuwa akitazama rafu za shuka.

"Madam," Eunice akasema, "mimi nimeona sahihi yako kwenye logibuku. Nimeona sahihi kama hizo katika hoteli nyingi, zote za siku moja, kalamu moja. Nami huzipokea, maana nisipozipokea wanafunzi wangu watakosa mahali pa kwenda. Kwa hiyo sikuja kukuhukumu. Nimekuja kukuuliza tu: ulimfundisha?"

"Sikumfundisha," Kathini alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na alishangaa jinsi lilivyokuwa neno fupi.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mchana alikwenda katika karakana ya mumewe, akasukuma vipande vya mbao pembeni mwa meza, akakaa na karatasi. Ngui alizima mashine ya kupasulia.

"Unaandika nini?"

Akamweleza yote, pamoja na yale ya wodini. Ngui alimsikiliza huku akikung'uta vumbi la mbao mikononi, polepole, kidole kwa kidole.

"Ukiandika hayo watakutoa."

"Najua."

"Miaka ishirini na saba, Kathini."

"Najua, Ngui. Yule mzee ameniomba radhi mimi. Ameniomba radhi, na binti yake amelala pale anasikia."

Ngui alivuta kigoda, akakaa karibu naye. "Haya, andika. Ukimaliza nitaisoma nione kama mwandiko unasomeka. Ukiwa na wasiwasi unaandika kama kuku."

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba yeye, Kathini, msimamizi wa vyumba, alitia sahihi mistari kumi na moja kwa mkupuo mmoja bila kufundisha hata mmoja. Kwamba alifanya hivyo kwa wanafunzi saba, na kwa wengine wengi kabla yao. Kwamba wanafunzi hufanya kazi za waajiriwa waliopunguzwa, na mkufunzi hapewi wakati wa kufundisha. Kwamba Mwanasha Abdulaziz hakupuuza fundisho lolote, kwa sababu hakupewa fundisho lolote. Alitoa nakala tatu: ya meneja, ya chuo, na ya baba yake Mwanasha huko Msambweni.

Jumatatu Wafula aliisoma barua amesimama. Alipomaliza alivua miwani.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimesema kilichotokea, Bwana Wafula."

"Ungeweza kunyamaza tu. Sikukuomba useme uongo. Nilikuomba unyamaze."

"Nilinyamaza siku tano. Mzee akamkaripia mgonjwa kwa ajili ya kunyamaza kwangu."

Wafula aliketi. Alimtazama kwa muda mrefu, na Kathini aliona kwamba hasira yake ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, labda uchovu. "Nitaipeleka juu," akasema. "Sitaichana. Lakini sitaweza kukukinga."

Nakala ya tatu aliipeleka mwenyewe. Mwanasha alikuwa ametoka hospitali, yuko nyumbani, nyumba ya mawe na mabati mkabala na duka la cherehani. Kathini alipiga hodi, akakaribishwa barazani, akaletewa maji. Aliyanywa yote kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Kisha akampa Abdulaziz barua.

Mzee alivaa miwani, akasoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena. Akaikunja mara mbili kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akaiweka juu ya goti. Kathini alingoja afukuzwe. Abdulaziz hakumgeukia yeye. Aligeukia mlango, akaita.

"Mwanasha! Njoo, mwanangu."

Msichana alitoka ndani, amejifunga leso, amekonda. Akamwamkia mgeni, akasimama.

"Nilikukanya hospitali," baba yake alisema. "Nilikukanya mbele ya wagonjwa wenzako, na kosa halikuwa lako. Nimesoma hapa. Niwie radhi, mwanangu."

Mwanasha hakuwa amelia bafuni, wala ndani ya gari, wala wodini. Alilia pale. Alilia amesimama, mikono imelegea, kisha kikohozi kikamshika, na baba yake akainuka akamshika mgongo mpaka kikapita. Kathini alitazama chini. Alihisi kwamba hakuwa na haki ya kuona jambo lile, na kwamba lilikuwa ni wajibu wake kuliona.

Alipotulia, Mwanasha alikaa kwenye mkeka, akafuta uso.

"Na mimi nakuomba radhi," Kathini alisema. "Si kwa barua. Kwa kinywa changu."

"Nimekusamehe, Madam," Mwanasha alisema. Alivuta pumzi, akaendelea kwa ile sauti yake ya taratibu. "Lakini nilikuuliza. Zile chupa mbili, ya buluu ya klorini na nyekundu ya asidi. Nilikuuliza kama zinatumika pamoja. Nilikuuliza mara tatu."

Kathini alikumbuka mara mbili. Ya tatu hakuikumbuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi kuliko yote, kwa sababu hakuwa na shaka kwamba msichana alisema kweli. Hakujitetea. Alisema, "Ndiyo, uliniuliza," na Mwanasha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama Ngui alivyotabiri. Watu wa Wizara ya Kazi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Hoteli ililipia matibabu ya Mwanasha yote, na ikaagizwa isimpe mwanafunzi yeyote dawa za kusafishia kabla ya kufundishwa mbele ya mwalimu wa chuo. Hakuna aliyefungwa, wala gazeti halikuandika. Mkataba wa Kathini ulimalizika mwezi wa Desemba, na barua aliyopewa ilimshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri. Siku ya mwisho baadhi ya wenzake hawakumtazama usoni, kwa maana baada ya barua yake wao pia waliulizwa maswali. Dzombo alimsindikiza mpaka kwenye tuktuk, akambebea mfuko, akasema, "Mimi ningeogopa, Madam." Hakusema zaidi.

Miezi mitano alikaa nyumbani. Aliamka saa kumi na nusu kama zamani, akakaa kitandani hajui pa kwenda. Siku nyingine alijuta. Hakujuta kuandika, alijuta ile Ijumaa ya maharagwe, akaipitia tena na tena. Alihesabu akilini wanafunzi waliopita mikononi mwake miaka ile mitatu, akajaribu kuwakumbuka kwa majina, akagundua kwamba wale wa zamani aliwakumbuka wote, na wale wa karibuni karibu hakuwakumbuka.

Siku moja alikutana na Eunice sokoni Ukunda. Wakasimama pembeni, penye kivuli cha duka la simu.

"Wale saba," Kathini aliuliza, "wako wapi?"

"Wawili wamo hotelini. Mmoja wao, Chengo, anauza simu. Wengine wametawanyika, mmoja amekwenda Saudia."

"Ni kwa sababu ya ile ajali."

Eunice alitikisa kichwa. "Ningependa iwe hivyo. Nimetazama fomu za mwaka uliotangulia, kabla ya ajali. Walikuwa tisa. Wamebaki watatu. Wanakuja chuoni wakiipenda kazi hii, Madam. Tunawapeleka kwenu, wanarudi wameichoka, na bado hawajafundishwa."

Kathini alimsaidia kubeba kikapu mpaka stejini, kwenye matatu, wakaagana.

Mwezi wa Juni alipata kazi Tiwi, katika nyumba sita ndogo za wageni zilizo juu ya mwamba, mali ya mama mmoja wa Nairobi. Mshahara ni nusu ya ule wa zamani. Alipoajiriwa alitaja sharti moja: kila muhula achukue mwanafunzi mmoja kutoka chuo cha Eunice, asizidi mmoja, na asubuhi kabla ya kazi apewe saa yake naye. Mwenye nyumba alikubali, ingawa hakuelewa sababu. Wanafunzi wanne wamepita hapo mpaka sasa. Wa kwanza yuko katika hoteli kubwa ya Diani na anapenda kazi yake. Wa pili alimaliza, akashukuru, akaenda kusomea umeme. Kathini alimwandikia barua nzuri ya kumtambulisha huko anakokwenda.

Mwanasha naye hakurudi hotelini. Daktari alimkataza kukaa karibu na dawa kali, na hata asingekatazwa, alikwisha kuamua. Chuo kilimruhusu kumalizia mafunzo yake jikoni, katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Lunga Lunga, na alipopata cheti shule ikamwajiri. Anapika chakula cha wasichana mia tatu na ishirini, na wanasema wali wake hauungui. Wakati wa vumbi bado hukohoa, na ngazi humchosha kuliko inavyostahili kwa mtu wa umri wake.

Wanapigiana simu Idi na Krismasi. Hujuliana hali, Kathini humuuliza kifua, Mwanasha humuuliza habari za Mzee Ngui. Bado humwita Madam. Mazungumzo yao hayazidi dakika tatu, na Kathini hajawahi kumtaka ayarefushe.